Usiguse, Isipokuwa Mwenye Mamlaka

Nchi ninayoisimulia si hii mnayoifikiria. Iko mbali, ina mito mingine na bendera nyingine, na mtu akiona inafanana na kwao, basi hiyo ni bahati mbaya ya kwao. Jina lake siwezi kulitaja. Sheria inataka litajwe pamoja na sifa zake zote, na sifa zake zote huchukua dakika kumi na nne, watu wakiwa wamesimama.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, Mwasiti, miaka saba, meno mawili ya mbele hana. Nina stashahada ya mifugo. Nilikuwa nimeajiriwa Idara ya Wanyama Wadogo, chumba namba sita, upande wa sungura. Mume wangu alikwenda kwenye semina miaka minne iliyopita na semina haijaisha. Sina la kulalamika. Wapo ambao waume zao waliitwa kwenye semina mbili.

Mambo yalianza pale nchi rafiki ilipomletea Mlezi Mkuu wa Taifa zawadi ya hamsta wawili, dume na jike, ndani ya kizimba chenye gurudumu. Kwa asiyemjua, hamsta ni mnyama wa jamii ya panya, mnene, mkia kama haupo, anaenea kiganjani, na ndani ya mashavu ana mifuko miwili ya kubebea chakula. Huko kwao watu humfuga kwa kumpenda tu. Hawamli, hawamkamui, hawamfungi jembe.

Siku ya kumi na sita jike alizaa watoto tisa. Mlezi Mkuu alikaa mbele ya kizimba asubuhi nzima, mawaziri wamesimama nyuma yake wakingoja kujua kama wafurahi au wasikitike. Mwisho akasema, "Huyu hadai kitu. Anakimbia kwenye gurudumu siku nzima wala haulizi anafika wapi. Na anaongezeka." Mawaziri wakafurahi.

Jioni ile redio ikatangaza kwamba hamsta ndiye raia wa mfano. Kila kaya ingepewa jike mmoja mwenye mimba, imtunze na kuukuza uzao wake kwa faida ya taifa. Faida yenyewe ingetangazwa baadaye. Mpaka leo sijaisikia, lakini sijasema haipo.

*

Kwa kuwa katika idara nzima mimi ndiye niliyewahi kumshika mnyama aliye hai, niliagizwa niandike mwongozo wa malezi. Niliandika ukurasa mmoja, kwa sababu mambo yenyewe ni ya ukurasa mmoja. Dume aondolewe kabla ya kuzaa. Jike apewe karatasi laini za kutandika kiota. Apewe yai la kuchemsha na maji yasikatike. Kizimba kikae mahali penye kimya. Kisisafishwe wiki mbili za mwanzo. Na watoto wasiguswe. Sentensi ya mwisho niliiandika kwa neno moja: Usiguse.

Ukurasa ule ulipelekwa kwenye Tume ya Uzao, wajumbe arobaini na mmoja. Mwenyekiti wao alikuwa Mheshimiwa Daktari wa Heshima Athanas Mpembe, mtu mrefu, mtaratibu, mwenye glavu nyeupe mikononi hata akinywa chai. Udaktari alitunukiwa na chuo ambacho yeye mwenyewe alikizindua wiki moja kabla. Nikaitwa nieleze.

"Mama," akasema, "hapa umeandika 'Usiguse'. Unamwambia nani?"

"Yeyote, Mheshimiwa. Mtoto wa hamsta akishikwa anabaki na harufu ya mtu. Mama yake anaona kiota kimeingiliwa. Anamla."

"Anamla nani?"

"Mtoto wake."

Wajumbe wakaangalia meza.

"Hiyo ni akishikwa na mtu wa kawaida," akasema Mpembe. "Nakuuliza kuhusu kiongozi."

"Pua ya hamsta haijui vyeo, Mheshimiwa."

Katibu akainua kalamu, akamtazama mwenyekiti, akaishusha. Sentensi ile haimo kwenye kumbukumbu za kikao. Mimi pia niliambiwa sikuisema.

Walijadili siku mbili. Walikula vizuri. Mwongozo ukapitishwa na masahihisho madogo, mahali pamoja tu, na nikapongezwa kwa mchango wangu. Wiki iliyofuata nikayaona masahihisho yenyewe yamechapwa kwa herufi nyekundu kwenye kila kizimba, kila sanduku, kila ukuta wa ofisi, hata nyuma ya madaftari ya shule: USIGUSE, ISIPOKUWA MWENYE MAMLAKA.

*

Utaratibu ulikuwa mzuri, nausifu. Hamsta akizaa, kaya inatoa taarifa ndani ya siku moja. Siku ya tatu anakuja mkaguzi. Anafungua kiota, anawatoa watoto mmoja mmoja, anawapima, anawageuza kuona nani dume nani jike, halafu anawagonga muhuri wa taifa mgongoni. Mtoto wa hamsta wa siku tatu ni mwekundu, hana nywele, haoni, ana urefu wa kifundo cha kidole. Muhuri ule ulitengenezewa magunia. Ilibidi wapake nusu ya juu kwa huyu na nusu ya chini kwa yule, ndipo taifa likamilike.

Nyumba ya kwanza kukaguliwa mtaani kwetu ilikuwa ya Kidawa, balozi wa nyumba tisa. Kwingine nasikia mabalozi ni wa nyumba kumi. Kwetu ni tisa, kwa sababu ya kumi ni ya balozi mwenyewe, na serikali haikutaka ajisimamie. Kidawa alikuwa shoga yangu tangu tukicheza rede. Mjane, mdomo mwepesi, mkono mzito, na mtoto mmoja wa kike, Riziki, miaka tisa, aliyekuwa akiandika kwa mkono wa kushoto.

Mkaguzi alikuwa Mpembe mwenyewe, maana ilikuwa nyumba ya uzinduzi. Glavu zake zilinuka naftalini, kama nguo zilizokaa sandukuni. Aliwashika watoto wote wanane wa hamsta, akawagonga, akapigwa picha nao.

Asubuhi yake Kidawa akanipigia kelele juu ya ukuta. "Shoga, njoo uone. Njoo peke yako."

Kiota kilikuwa kitupu. Jike amejikunja pembeni anajisafisha masharubu. Kwenye karatasi kulibaki mguu mmoja mdogo, una wino wa zambarau.

"Walikuwa wanane," akasema Kidawa.

"Najua."

"Uliwaambia?"

"Niliwaambia."

"Basi ungeandika kwa herufi kubwa, shoga."

"Nimeandikiwa kwa herufi kubwa. Kasome."

Mwezi ule hali ilikuwa hiyo hiyo kila mkaguzi alikopita. Aliyechelewa kukaguliwa, watoto wake walinenepa. Aliyekaguliwa mapema, kiota kilisafishika. Mtu mwenye akili ndogo kama mimi angeona jambo. Tume ilikuwa na akili kubwa, ikaona jambo jingine: kwamba kuna akina mama wanahujumu uzao wa taifa.

Kikao cha Kidawa kilifanyika kwenye ukumbi wa kata. Washtakiwa walikuwa wawili, Kidawa na hamsta wake. Wote walisomewa mashtaka. Hamsta aliulizwa mara tatu kama anayakubali, naye akajaza mashavu mbegu za alizeti, na hilo likaandikwa kuwa ni dharau. Kidawa aliulizwa mara moja.

"Mheshimiwa," akasema, "mimi nina miaka arobaini, sijawahi kumla hata mtoto wa jirani, na nimekaa na majirani wabaya."

Watu walicheka kidogo, wakaacha. Mpembe alingoja mpaka kukawa kimya kabisa. Halafu akasimama, akavuta glavu zikae vizuri.

"Ndugu wananchi. Tume imefanya utafiti wa kina. Imebaini kwamba katika kila tukio la kupotea kwa uzao, palikuwa na mama karibu. Narudia: katika kila tukio. Mapenzi ya mama yasiyosimamiwa ni hatari kwa mtoto. Kaya iliyoshindwa kumlinda mtoto wa hamsta wa gramu mbili itamlindaje mtoto wa kilo ishirini?"

Riziki alichukuliwa mchana ule ule kwenda Kituo cha Malezi Bora, kwa ajili ya kulindwa. Alipanda gari mwenyewe. Alipewa soda.

Barua zilianza kuja mwisho wa mwezi. Zilikuwa fupi na zenye furaha: "Mama mpendwa, nimenenepa. Tunakimbia sana. Wako, Riziki." Mwandiko ulikuwa wima, wa mkono wa kulia. Kidawa aliikunja yake akaiweka kifuani. Siku mbili baadaye akakutana na mama mmoja wa mtaa wa pili kwenye foleni ya maji, ambaye naye hamsta wake alikaguliwa, akamwonyesha barua ya mwanawe. Nimenenepa. Tunakimbia sana. Mwandiko ule ule. Kufikia mwezi wa tatu kata yetu ilikuwa na barua thelathini na moja, na watoto wote wamenenepa.

*

Kaya yangu ilipata hamsta katika mgawo wa mwisho. Alikuwa mweupe mwili mzima, na Mwasiti akamwita Bibi Harusi. Jumapili akazaa watano.

Mimi si shujaa, na hiyo hesabu si ngumu. Nikitoa taarifa, mkaguzi atawashika. Akiwashika, wataliwa. Wakiliwa, mimi ni mama asiyesimamiwa, na Mwasiti atapewa soda. Kwa hiyo sikutoa taarifa. Nilikisogeza kizimba stoo, nyuma ya gunia la mahindi, nikakifunika kanga kuukuu, nikaweka robo ya yai na maji, nikafunga mlango. Ndivyo mwongozo unavyosema, ule wangu.

Tatizo lilikuwa shule. Kila asubuhi, baada ya wimbo, mwalimu aliwauliza watoto: nani nyumbani kwao kuna uzao mpya? Aliyenyoosha mkono alipewa penseli.

"Mama," Mwasiti akaniuliza, "mwalimu akinitazama mimi?"

"Akikutazama utafanyaje?"

"Umesema nisiseme uongo."

"Ndiyo."

"Na umesema nisiseme kuhusu Bibi Harusi."

"Ndiyo. Na nimekwambia nini kuhusu kuongea na chakula mdomoni?"

Akafikiri. "Ni adabu mbaya."

"Basi mwalimu akikutazama, uwe na chakula mdomoni."

Nikawa namfungia andazi kila siku. Mwalimu akiuliza, Mwasiti anajaza shavu hili na hili, anasimama wima, anatazama mbele. Mwalimu alinitumia karatasi kwamba mtoto ana tabia ya ulafi. Nilijibu kwamba namshukuru na nitamwongezea andazi.

Alhamisi Kidawa akaja kunywa chai. Alikaa kiti cha karibu na mlango wa stoo. Tuliongea habari za maji, za mkaa, za mtu mmoja aliyeoa. Ndani ya stoo kitu kikalia kidogo, sauti nyembamba kama ya bawaba.

"Shoga, mlango wako unalia," akasema.

"Hauna mafuta."

"Wangapi?"

Nikammiminia chai.

"Nimekuuliza milango wangapi."

"Watano."

Akazungusha kikombe mezani. "Kesho saa nne Mpembe anakuja mtaani. Balozi bado ni mimi, ataniuliza mimi kwanza nyumba gani ina nini. Nikisema, Mwasiti anaondoka. Nisiposema wakagundua, naondoka mimi."

"Utasema?"

"Sasa hivi nakunywa chai. Niongezee sukari, sijui kesho nitainywa wapi."

*

Saa nne kamili wakaja: Mpembe, katibu na kisanduku cha muhuri, mpiga picha, na Kidawa nyuma yao na daftari lake la nyumba tisa. Mwasiti hakwenda shule, kwa sababu wakati wa ukaguzi kaya yote inatakiwa iwepo. Alisimama kando yangu amejaza mashavu yote mawili.

"Nyumba hii ina hali gani?" Mpembe akamuuliza Kidawa.

Kidawa hakunitazama. "Hakuna uzao, Mheshimiwa. Nimekagua mwenyewe jana, nikakaa muda mrefu."

"Hata hivyo nitatazama. Nina mamlaka."

Alikwenda moja kwa moja stoo, akaivuta kanga, akafungua kizimba. Mimi niliona kwa sababu najua pa kutazama. Kabla mkono mweupe haujashuka, Bibi Harusi alikuwa amegeuka, akamchukua mtoto wa kwanza kwa mdomo, akamtia shavuni. Wa pili. Wa tatu. Hamsta akiogopa hufanya hivyo, hilo nililisoma chuoni. Mpembe alipochambua karatasi za kiota alikuta karatasi. Katikati yake alikaa mnyama mmoja mwenye kichwa kikubwa kuliko mwili.

Mpembe akainama amtazame. Kisha akageuka kwa mpiga picha.

"Tazameni mashavu haya," akasema. "Ndugu zangu, wapo wanaosema nchini hakuna chakula. Waje wamtazame hamsta huyu. Hiki si kichwa, hii ni sera."

Akaanza hotuba. Alianzia enzi za giza, kabla ya Mlezi Mkuu, wakati wanyama wadogo walikuwa wakizaa bila mpango. Nami nilikuwa nikitazama saa ya ukutani, kwa sababu mtoto wa hamsta shavuni hana hewa ya hotuba. Dakika moja anaweza. Mbili, labda. Mpembe alikuwa bado hajafika uhuru. Bibi Harusi ametoa macho, hatikisiki. Mwasiti naye hatikisiki, machozi yanamtiririka juu ya mashavu yaliyojaa, maana naye anajua, nilimfundisha mimi.

Kidawa akakohoa. "Mheshimiwa, samahani. Nyumba ya nane wameshapakua pilau. Wanasema likipoa wataona kama wamekukosea."

Mpembe akafunga kizimba. Akafunga pia hotuba, kwa sentensi nne tu. Nikavuta pumzi. Nilidhani nimeshinda, na hapo ndipo mtu mwenye stashahada anapoonekana mjinga.

"Katibu, andika: hakuna uzao," akasema. Kisha akatoa karatasi mfukoni. "Waraka wa jana. Kwa kuwa lengo la kata halijafikiwa, na kwa kuwa taifa halibagui uzao, kaya isiyo na uzao wa hamsta itachangia uzao ilio nao."

Akamtazama Mwasiti.

"Huyu naye amenenepa," akasema.

Alimshika kichwa kwa glavu, akakigeuza huku na huku. Alimfinya shavu. Alitazama pengo la meno, akamwambia katibu aandike mawili hayapo. Halafu akamvuta mkono, akagonga muhuri juu ya kiwiko. Mkono wa mtoto wa miaka saba unatosha. Taifa lilienea lote.

"Jumatatu gari la kituo litapita. Asibebe nguo, kituoni zipo." Alinitazama kwa upole wa kweli kabisa. "Mama, usihangaike. Soda itakuwepo."

Walipoondoka nilifungua stoo. Bibi Harusi alikuwa amewatoa. Wanne walikuwa wakihema. Wa tano alikuwa amekaa shavuni mno. Mama yake alimlamba, akamgeuza, akamlamba tena, kisha akamweka kando akaendelea na waliobaki.

Mwasiti nilimwogesha kwa sabuni ya mche, mara tatu. Wino haukutoka. Na harufu haikutoka. Nilimnusa nyuma ya masikio, alinuka naftalini.

*

Jumamosi asubuhi Kidawa akaja na mkokoteni. Juu yake kulikuwa na sanduku la mbao la Tume, lenye matundu ya hewa pembeni, la kusafirishia hamsta arobaini kwenda banda la mfano la mpakani. Herufi nyekundu pande zote nne. Akaniwekea karatasi mezani.

"Kibali," akasema. "Mabalozi tumepewa kila mmoja chake. Sanduku moja na mtaalamu mmoja. Mimi si mtaalamu. Nikiulizwa hamsta ana miguu mingapi nitasema inategemea."

"Na wewe?"

"Mimi nini?"

"Twende wote."

"Mtaalamu mmoja, shoga. Husomi?" Akainamia kamba ya sanduku, akaikaza pasipohitaji kukazwa. "Halafu barua ya Riziki inakuja tarehe thelathini. Imkute nani?"

Nilimwambia tunakokwenda. Nilimwambia yeye peke yake, sikioni, ingawa tulikuwa wawili tu chumbani.

Mwasiti aliingia sandukuni na kizimba cha Bibi Harusi mapajani. Nilimpa maji na mandazi manne. Gari la mizigo la idara lilitupakia saa tatu, dereva akiwa mtu wa kutoangalia nyuma, sifa nzuri kwa dereva.

Kizuizi cha mwisho kilikuwa saa saba mchana, jua kali. Askari mmoja kijana akapanda, akasoma kibali, akasoma sanduku. Akanyoosha mkono kwenye kifuniko. Akausoma tena mstari mwekundu. Mkono ukabaki hewani.

"Afande," akaita chini, "mimi nina mamlaka?"

"Mamlaka ya nini?" akajibu koplo.

"Ya kugusa."

Koplo akaja, naye akasoma. "Mimi nina zamu tu," akasema. "Muulize kapteni."

Kapteni alipigiwa simu. Alitaka kujua nani anauliza, na kwa nini ameulizwa yeye, na kama kuna mtu anaandika majibu yake. Kisha akasema kwamba mamlaka anayo, bila shaka anayo, lakini si ya aina hiyo.

Hapo sanduku likakohoa.

Askari kijana akanitazama. "Hamsta anakohoa?"

"Wa daraja la kwanza," nikasema. "Ukimfungulia akaingiwa na vumbi, nitaandika jina la nani?"

Aliruka chini upesi. Kizuizi kikainuliwa. Nilitumikia serikali miaka kumi na mbili, nikaandika neno moja la maana, na hiyo ndiyo siku lilipotiiwa.

*

Jumatatu, nimesimuliwa, gari la kituo lilifika nyumbani kwangu saa mbili. Walikuta vitanda viwili vimetandikwa na gunia la mahindi. Mpembe alitazama kila chumba, akatazama chini ya meza, halafu akaagiza iandikwe taarifa ambayo katibu alikwisha kuizoea, kwamba uzao uligongwa muhuri ukiwa hai na mzima, na kwamba mama ameula. Picha yangu imebandikwa kwenye kuta zote za kata, chini ya herufi nyekundu. Nimetokea vibaya.

Watoto wa Bibi Harusi walifumbua macho siku ya kumi na nne. Nikawatenga na mama yao wiki ya nne, majike huku na madume huku, kama inavyotakiwa. Hapo tulipokuwa, majirani waliwataka kwa ajili ya watoto wao. Niliwapa, pamoja na ukurasa mmoja niliouandika kwa mkono.

Juzi nimeletewa barua. Nimesema kwamba mahali pale alipajua mtu mmoja tu. Mwandiko ulikuwa wima, wa mkono wa kulia, na Kidawa tangu shule hakuweza kuandika mstari mmoja usiopanda mlima.

"Shoga mpendwa, nimenenepa. Tunakimbia sana. Wako, Kidawa."

Niliinusa karatasi. Naftalini.

Mchana ule ule tukahama. Kiota kikishaingiliwa hakisafishwi, kinaachwa. Hilo nalo lingekuwa kwenye mwongozo, ningepewa ukurasa wa pili.

Sasa mnaniuliza, kwa wema wenu, Mwasiti yuko wapi. Mnauliza vizuri, na sina sababu ya kuwadhania vibaya. Ila mtaniwia radhi. Nina kitu mdomoni.